Uniti Zinaliwa Wapi? Tujihesabu Kabla ya Kulaumiana



Katika nyumba nyingi za mijini, mita ya LUKU imekuwa chanzo cha ugomvi. Baba arudipo jioni na kukuta giza, neno lake la kwanza ni kuuliza nani aliyeumaliza umeme ulionunuliwa juzi tu. Mama humlaumu binti wa kazi, binti huwataja watoto, na watoto huonyesheana vidole. Katika nyumba za kupanga hali huwa mbaya zaidi, kwani mpangaji humtazama mwenzake kwa jicho la shaka kila asikiapo friji likinguruma nyuma ya ukuta. Mwishowe kila mmoja ameapa kwamba si yeye, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuitazama mita.

Maoni yetu katika makala hii ni mepesi kuyasema, ingawa kuyatenda kunataka subira. Tunasema kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazotutoka kwa ajili ya nishati zinapotea kwa sababu hatujui zinakokwenda, na kwamba kutokujua huko hakuleti hasara peke yake, bali huleta pia dhuluma ndani ya nyumba zetu. Atakaye kupunguza gharama na aanze kwa kuhesabu. Akishahesabu, ndipo ajue ni tabia ipi ya kuiacha, ni kitu gani cha kukitengeneza, na ni nani aliyekuwa akilaumiwa bila kosa.

Wengi wetu tunaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa. Wakati ule tulibana matumizi kwa kuwa umeme haukuwapo. Leo bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 2024, na baadhi yetu wamedhani kwamba habari ya kubana matumizi imepitwa na wakati. Hapana, ndugu zetu. Wingi wa umeme katika gridi ya taifa haumpunguzii mtu uniti anazozichoma nyumbani kwake. Mfuko wa mwenye kipato kidogo una mgawo wake, na mgawo huo haujakoma.

Uniti moja ni kitu gani?

Uniti moja ni kazi ya wati 1000 kwa saa moja. Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake, ama nyuma ama chini yake. Zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1000, nawe umepata uniti. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza, na ni vyema apewe yeye aifanye.

Kwa urahisi wa mifano yetu, tuchukue uniti moja kuwa shilingi 350. Kila mmoja aweke bei iliyomo katika risiti yake. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Mteja wa kawaida alipangiwa shilingi 292 kwa uniti. Bei zote hizo ni kabla ya kodi na tozo. Mwenye akili ataona mara moja maana yake: kwa mteja mdogo, uniti ya 76 ilikuwa ghali mara tatu na nusu kuliko uniti ya 75. Ambaye bei yake ina mpaka wa namna hiyo, uniti chache tu za uzembe mwishoni mwa mwezi zinaweza kumgharimu kuliko alivyodhani.

Wapo pia waaminio kwamba ukinunua umeme siku fulani unapata uniti nyingi, na ukinunua siku nyingine unapunjwa. Siri yake si siku. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikusanywa kupitia manunuzi ya umeme, na hukatwa katika ununuzi wa mwanzo wa mwezi. Ndiyo maana fedha ile ile huleta uniti chache mara ya kwanza na nyingi mara ya pili. Soma risiti yako mstari kwa mstari, utaona.

Joto ndilo mlaji mkuu

Tukishaijua hesabu, jambo la kwanza linalotudhihirikia ni kwamba ugomvi wetu mwingi unaelekezwa pasipohusika. Tunamkaripia mtoto aliyesahau taa, ilhali chombo kinachotoa joto kinaachwa kifanye kitakacho. Kanuni ya kukumbuka ni hii: chombo kinachopasha moto au kinachopoza hula zaidi kuliko chombo kinachoangaza au kinachosema. Redio, simu na taa ndogo ni walaji wadogo. Hita, jiko, pasi, birika, friji na kiyoyozi ndio wakubwa.

Tuchukue hita ya kuogea, ile inayopasha maji papo hapo, ambayo ndugu zetu wa Arusha, Mbeya na Lushoto wanaihitaji kwa sababu ya baridi. Hita ya wati 4500 ikiwashwa kwa dakika 10 hula robo tatu ya uniti. Watu watano wakioga hivyo mara moja kwa siku, ni uniti 3.75 kwa siku, na kwa mwezi zinakaribia 113, yaani zaidi ya shilingi 39,000. Wakioga kwa dakika 5 badala ya 10, gharama inakuwa nusu. Na katika joto la Dar es Salaam au Tanga, ambako maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu, mara nyingi hita hiyo haina kazi. Mwenye uwezo katika nyanda za baridi na afikirie kuweka chombo cha kupasha maji kwa jua juu ya paa. Gharama yake ni kubwa mwanzoni, lakini jua halina LUKU.

Uniti moja inatosha kuchemsha takriban lita 10 za maji katika birika la umeme. Basi ajazaye birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja, kisha akalirudia baada ya saa moja, anachemsha maji yale yale mara mbili. Chemsha yanayotosha, yaliyobaki yatie katika chupa ya chai.

Pasi ya wati 1000 ikitumika dakika 20 kila asubuhi hula uniti 10 kwa mwezi. Kila inapowashwa hutumia umeme kupata moto kwanza kabla ya nguo ya kwanza kuguswa. Nguo za shule na kanzu za Ijumaa zikipigwa pasi zote kwa siku moja, moto ule wa mwanzo unalipiwa mara moja tu kwa juma.

Friji linataka uangalizi zaidi kwa kuwa halilali. Lile la kawaida, hasa la zamani, huweza kula uniti moja kwa siku au zaidi. Lisiwekwe karibu na jiko wala mahali pa jua. Liachiwe nafasi nyuma yake ipite hewa, na barafu ikiganda sana iyeyushwe. Chakula cha moto kisiingizwe kabla hakijapoa. Ili kuupima mpira wa mlango, bana karatasi mlangoni ukiufunga. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, ujue baridi inatoka usiku na mchana, na fundi abadili mpira huo.

Hatusemi kwamba taa hazina maana. Balbu nne za kizamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Taa nne za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti 5.4. Tofauti ni zaidi ya uniti 30, ambazo kwa bei yetu ya mfano ni zaidi ya shilingi 10,000 kila mwezi. Lakini aliyekwisha badili taa zake hana sababu ya kuendelea kumgombeza mtoto kwa ajili ya taa ya ukumbini, huku kiyoyozi kikinguruma chumbani mwake dirisha likiwa wazi.

Nishati ya jikoni

Katika hesabu za baba wengi, gharama ya nishati ni LUKU tu. Mkaa umo katika fedha ya matumizi anayoachiwa mama, na kwa hiyo hauonekani. Hili ni kosa. Ukiziandika fedha za mkaa zinazotoka kidogo kidogo, sado kwa sado, kwa mwezi mzima, katika nyumba nyingi utakuta zimeushinda umeme. Tena mkaa una gharama nyingine isiyo na risiti, nayo ni moshi unaoingia katika vifua vya mama zetu na watoto wetu.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha. Maharage na choroko zilowekwe usiku kucha. Sufuria lifunikwe, na chakula kikishachemka moto upunguzwe, kwani maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayochemka polepole. Kuni na mkaa vilindwe visilowane. Sufuria la wali lililokaribia kuiva laweza kutiwa katika kapu lililojazwa matambara na kufunikwa vizuri, likamalizia kuiva kwa joto lake lenyewe.

Yapo pia yanayohitaji fedha kidogo, kama jiko banifu, ambalo hutumia mkaa mchache kuliko jiko la bati la kawaida. Na lipo sufuria la umeme la presha. Watu wengi huliogopa kwa kudhani kwamba kila jiko la umeme ni mlaji mkubwa. Lakini sufuria hili hufunga joto ndani na hukata umeme lenyewe likishafikia kiwango, hata nusu kilo ya maharage kwa kawaida huiva kwa chini ya nusu uniti. Kila mama na alinganishe kiasi hicho na thamani ya mkaa anaoutumia kwa sufuria moja ya maharage. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, lakini halitafikiwa ikiwa baba anayenunua televisheni kubwa husema hana fedha ya kumnunulia mkewe jiko.

Nyumba yenyewe

Wazee wetu wa pwani walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, dari za juu, na mabaraza ya kupunga upepo. Nyumba za makuti nazo zilikuwa na ubaridi wake. Leo tunaezeka bati tupu, tunaziba matundu yote, kisha tunanunua kiyoyozi cha kupambana na joto tulilolialika sisi wenyewe. Tulinganishe: feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 kila usiku hula uniti 14 kwa mwezi, au zaidi kidogo. Kiyoyozi cha wati 1000, hata tukikadiria kwamba mashine yake hufanya kazi saa 5 tu kati ya hizo 8, hula uniti 150, ambazo ni zaidi ya shilingi 52,000.

Basi kabla ya kiyoyozi, mwenye nyumba na aweke dari chini ya bati, aache matundu ya hewa chini ya paa, na apake bati rangi nyeupe ili lirudishe jua badala ya kulinywa. Madirisha yaelekeane ili upepo upite. Upande wa magharibi upandwe mti wa kivuli, mwarobaini au mkungu, na mapazia ya upande huo yashushwe mchana. Aliye na kiyoyozi tayari na afunge milango na madirisha anapokiwasha, na asikishushe hadi kujifunika blanketi.

Pia ikaguliwe mifumo ya umeme. Zima na chomoa kila kitu, kisha tazama mita. Ikiwa taa yake ndogo ingali ikimetameta mara kwa mara, umeme unakwenda mahali usipopajua, na hiyo ni hasara na hatari. Mwite fundi mwenye leseni, usimwite kishoka. Na yule anayemwita kishoka ili aichezee mita asilipie, huyo hapunguzi gharama bali anaiba, na gharama ya wizi wake inabebwa na wengine.

Mita ya pamoja

Sasa tunafika pale panapotuumiza zaidi. Nyumba moja ina vyumba sita na mita moja. Utaratibu uliozoeleka ni kila chumba kuchanga sawa, tuseme shilingi 10,000. Chumba kimoja anakaa bibi mjane mwenye taa moja ya LED na simu. Taa yake, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 1.35 kwa mwezi, na simu yake haifikishi hata uniti moja. Haki yake ni chini ya shilingi 1,000. Chumba cha jirani kina friji, pasi na birika. Friji peke yake ni uniti 30. Katika mchango ule wa sawa kwa sawa, mjane analipia maji baridi ya mtu mwingine, na kila mwezi unarudia. Hatumtuhumu yeyote kwa kukusudia. Tunasema tu kwamba usawa usio na hesabu umegeuka dhuluma, na dhuluma haihalaliki kwa kuwa imezoeleka.

Tiba yake ni kikao cha jioni moja. Wapangaji waandike vyombo vyao, wati zake na saa za matumizi, kisha kila chumba kipewe fungu lake kwa kadiri ya hesabu. Mwenye nyumba mwenye uwezo aweke mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi ukome. Tena mwenye nyumba akumbuke kwamba kodi ya jengo kwa asili yake ni ya mwenye jengo. Ikiwa inakatwa katika umeme anaoununua mpangaji, basi wakae wakubaliane namna ya kuirejesha au kuipunguza katika kodi ya chumba. Kiasi hicho ni kidogo, lakini haki ya mtu haipimwi kwa udogo wake.

Nyumba ya Mwenyezi Mungu nayo

Hatuwezi kuwaasa wengine tukajisahau. Ni misikiti mingapi ambamo feni zote huendelea kuzunguka baada ya swala, huku amebaki mtu mmoja akivuta tasbihi pembeni? Ni mingapi ambamo pampu hujaza tangi hadi maji yakamwagika barabarani? Mtume (s.a.w.) imethibiti kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja, sisi tunaacha bomba wazi tangu viganjani hadi miguuni. Umeme wa msikiti unalipiwa kwa sadaka za waumini, na miongoni mwao yumo yule yule mjane. Kila kamati na ibandike ubaoni uniti zilizotumika mwezi hadi mwezi, na iteue kijana mmoja wa kuzima vyombo baada ya kila swala.

Qurani Tukufu imekemea ubadhirifu katika Sura Bani Israil, na katika sura hiyo hiyo imekemea pia ubahili. Yote mawili tuyakumbuke. Lengo letu si kumnyima feni mzee mgonjwa, wala kumwacha mwanafunzi asome gizani. Hiyo si kubana matumizi, ni kuwabana watu. Tumeagizwa pia katika Sunna kuzima taa wakati wa kulala, na sababu iliyotajwa ni hatari ya moto; pasi na majiko yaliyoachwa kwenye umeme yanatuonyesha kwamba hatari hiyo ingalipo.

Tunapendekeza, basi, mambo matatu kwa mwezi huu ujao. Kwanza, kila nyumba iandike namba ya mita kila baada ya swala ya Isha, na iandike pia fedha ya mkaa na gesi. Pili, mwisho wa mwezi baba, mama na watoto wakae pamoja, watazame hesabu hiyo bila kukaripiana, na wachague mambo mawili ya kuyarekebisha: la kwanza lisilohitaji fedha, la pili litakalolipiwa na akiba ya lile la kwanza. Akiba ya taa inunue mpira wa friji, akiba ya friji inunue dari, na hivyo hivyo. Tatu, kila mwenye kukaa katika nyumba yenye mita ya pamoja aanze yeye mwenyewe kuitisha kikao, hata kama hesabu itamtaka achange zaidi kuliko alivyokuwa akichanga. Bali huyo ndiye anayestahili zaidi kuanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa amana zetu, atuepushe na israfu na dhuluma, na atie baraka katika kidogo tulicho nacho. Amin.

Wabillahi Tawfiq.